Kwa Nini Wegesa Alikosa Hesabu

Matrida alikuwa mchuuzi wa dagaa katika mwalo wa Mwigobero, mjini Musoma. Kila asubuhi, mitumbwi ikishashusha mzigo, alinunua ndoo zake za dagaa. Kisha aliwamwaga juu ya nyavu kuukuu na kuwatandaza kwa mkono. Siku za Jumamosi binti yake Wegesa alikuja kumsaidia. Alisaidia kwa mikono na kwa mdomo pia, maana mdomo wake haukupumzika.

"Mama, kwa nini wale wa kwenye chanja wanakaukaga haraka kuliko hawa wa chini?"

"Jua linawapiga."

"Jua si ni hilo hilo moja? Mimi nafikiri ni upepo. Wale wa kwenye chanja, upepo unapita mpaka chini yao."

Matrida aliwatazama dagaa wa kwenye chanja cha jirani, juu ya fito zilizoinuliwa. Kisha akawatazama wake.

"Tandaza," alisema. "Maswali yako hayakaushi dagaa."

Lakini wiki iliyofuata Matrida naye alijenga chanja. Hakumwambia mtoto kwa nini.

Wegesa alikuwa na miaka tisa. Alijifunza kusoma kabla ya kwenda shule, kwa kutazama maandishi ya kwenye mifuko ya saruji na ubavuni mwa mitumbwi. Darasa la kwanza na la pili alifanya vizuri. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, kila herufi imelala upande wake, lakini majibu yalikuwa sahihi.

Alipofika darasa la tatu mambo yaligeuka. Alianza kukosa hesabu. Alikosa hesabu rahisi ambazo mdogo wake angezipata. Akirudi nyumbani alikuwa kimya, na asubuhi aliumwa tumbo. Jumamosi na Jumapili tumbo halikuuma.

Siku moja Matrida na mumewe Isaya waliitwa shuleni. Isaya alikuwa fundi wa injini za mitumbwi, mtu wa maneno machache. Mwalimu wa darasa, Mwalimu Gabriel, aliwapokea ofisini.

"Wazazi, huyu mtoto sijui mmemfanya nini," alisema. "Zamani alikuwa mwepesi. Sasa ukimuuliza swali anasimama kama mlingoti. Nikifundisha anaangalia dirishani. Mwakani arudie darasa la tatu."

"Arudie?" Matrida aliuliza. "Mwalimu, mtoto huyu nyumbani ananichosha kwa kujua mambo."

"Nyumbani, mama. Hapa ni shuleni."

Walipofika nyumbani Isaya alivua viatu, akakaa, akasema, "Ni jina."

Matrida alijua anachosema. Kijijini kwao Isaya, Butiama, mtoto akilia bila kunyamaza, au akibadilika ghafla, wazee husema jina limemkataa. Hutafutwa jina la marehemu mwingine wa ukoo, na mtoto hupewa hilo. Bibi Bhoke, mama yake Isaya, alikuwa amekwisha kulisema hilo kwenye simu. Mama mzazi wa Bibi Bhoke, marehemu Rhobi, ndiye aliyekuwa anadai jina.

"Tutampeleka kwa mama Jumamosi," alisema Isaya. "Apewe jina. Kama hata hapo shule haimwingii, basi. Abaki huko huko amsaidie mama na ng'ombe."

"Aache shule?"

"Wewe unataka akae darasa moja mpaka aote ndevu?"

Wegesa alikuwa mlangoni, ameshika ndoo. Alisikia kila neno. Alishusha macho, akatoka nje.

Jumamosi walikwenda Butiama. Bibi Bhoke alikuwa ametengeneza togwa ya mtama na wazee wa ukoo walikuwa wameitwa. Lakini jina halitolewi bila shangazi kuwepo. Kwa hiyo wote walimsubiri Adventina, dada yake Isaya, atoke Bunda.

Adventina alikuwa mwalimu wa elimu maalumu huko Bunda. Alifundisha watoto wasioona, wasiosikia na wengine ambao darasa la kawaida huwashinda. Alifika mchana, viatu vimejaa vumbi, akasalimia wakubwa kwa adabu. Kisha alikwenda kukaa na watoto waliokuwa wakibangua karanga kivulini mwa nyumba. Matrida alikuwa hapo hapo, anapepeta.

"Haya, nani ana kichwa?" Adventina aliuliza. "Babu ana mbuzi saba. Kila mbuzi amezaa watoto wawili. Sasa wote pamoja ni wangapi?"

Watoto walipiga kelele. "Kumi na nne!" "Tisa!" Wegesa alisubiri mpaka wote wakasema. Kisha akasema taratibu, "Ishirini na wawili."

"Ni ishirini na mmoja," alisema Adventina. "Haya, kuku watano, kila mmoja ametaga mayai sita."

"Thelathini na moja," alisema Wegesa.

"Viazi arobaini na nane, watoto watatu, wagawane sawa."

Wegesa alibangua karanga moja, akaitupa kwenye ungo. "Kumi na saba."

Matrida aliona aibu. Alitaka ardhi ipasuke. Wifi yake mwalimu, amekuja safari yote hiyo, anaonyeshwa mtoto anayeshindwa kugawa viazi! Lakini Adventina hakucheka. Aliacha kubangua.

"Wifi," alimwambia Matrida kwa sauti ya chini, "umesikia anavyokosa?"

"Nimesikia. Ndivyo anavyokosaga siku hizi."

"Hapana, sikiliza vizuri. Mtoto asiyejua anakosa huku na huko. Mara anazidisha mno, mara anapunguza. Huyu kila jibu limezidi kwa moja. Moja tu, kila mara. Huwezi kukosa hivyo kama hujalijua jibu lenyewe kwanza."

Matrida aliacha kupepeta. Adventina alimgeukia Wegesa.

"Mwanangu, viazi ni kumi na sita. Unajua, sivyo?"

Wegesa aliwatazama binamu zake, mmoja mmoja.

"Shangazi, nikipata nitawapiga?"

"Umpige nani?"

"Hawa. Waliokosa."

Ungo ulimponyoka Matrida, karanga zikamwagika.

Habari ilitoka kidogo kidogo, na machozi yake. Darasani kwa Mwalimu Gabriel kulikuwa na mchezo. Ndiyo, aliuita mchezo! Wanafunzi wote walisimama. Mwalimu aliuliza hesabu ya kichwa. Wa kwanza kupata alipewa zawadi yake, nayo ilikuwa ni kupita darasa zima na kumzaba kofi kila aliyekosa. Na wa kwanza kupata, karibu kila siku, alikuwa Wegesa.

"Nilikuwaga napiga polepole," alisema. "Siku hiyo nikamfikia Dafroza. Tunakaaga naye dawati moja. Dafroza anaumwa sikio, linatoa usaha. Nikamgusa tu. Mwalimu akasema, 'Unampapasa? Njoo nikuonyeshe kofi.' Akanipiga mimi. Akasema rudia. Nikampiga Dafroza kwa nguvu, shangazi. Sikio likatoa damu. Sasa amehama dawati, hanisemeshi. Na wengine wananingojeaga kwenye bomba nikitoka shule, wananirudishia."

"Ukaamua kukosa," alisema Adventina.

"Nikikosa napigwa kofi moja tu. Nikipata nawapiga wote."

Hebu na wewe unayesoma, fikiri. Mtoto wa miaka tisa alipewa njia mbili: ajue na aumize wenzake, au asijue na aumizwe yeye. Alichagua kuumizwa. Na watu wazima wote, mwalimu na baba na wazee wa ukoo, walimwita mzito.

Matrida alisimama.

"Na tumbo!" alisema. "Kila asubuhi nikasema anajifanya. Isaya! Isaya, njoo usikie jina linavyomsumbua mtoto wako!"

Isaya alikuja. Alisimuliwa tena, neno kwa neno. Alikaa chini pale pale kwenye maganda ya karanga, akamvuta mwanawe, akamkumbatia.

Bibi Bhoke naye alikuwa amefika, amejishika kiuno. "Basi jina halina kosa?"

"Mama, jina mpe, ni jina zuri," alisema Adventina. "Bibi Rhobi alikuwa na akili, wote tunajua. Lakini jina haliwezi kuzuia kofi. Kofi tutalizuia sisi."

Jioni hiyo, mtoto alipokwisha kupewa jina la Rhobi, wakati wa kunywa togwa, Matrida alimsogelea wifi yake.

"Wifi, nieleze. Huyu ni mtoto wa namna gani? Maana hata kabla ya makofi alikuwa ananishangaza."

"Ni mtoto mwenye uwezo mkubwa wa akili," Adventina alisema. "Wapo, wifi. Wapo mjini na wapo machungani. Wanazaliwa kwa maskini na kwa matajiri. Watu wanafikiri mtoto wa hivyo ni yule anayekaa kimya, ana mwandiko mzuri na anakuwa wa kwanza. Wengine wako hivyo. Wengine wala."

"Huyu mwandiko wake ni wa kuku."

"Kichwa kinakwenda mbio kuliko mkono. Akili inaweza kuwa kali upande mmoja na mkono ukawa wa miaka yake tu. Tena wanaruka hatua. Anaona jibu kabla hujamaliza swali. Ukimwambia aonyeshe njia, anababaika. Mwalimu anasema ameibia."

"Na dirisha? Mwalimu anasema anaangalia dirishani."

"Wewe ungesimuliwa habari moja mara ishirini, ungeangalia wapi?"

Matrida alicheka bila kutaka. Adventina hakucheka.

"Mtoto akichoka hivyo kila siku, mwingine anakuwa mtundu, anapigwa. Mwingine analala. Mwingine anajificha, anajifanya hajui, hasa wasichana, ili wenzake wampende. Na watoto hawa wengi wanaumia sana wakiona mtu anaonewa. Wewe umeambiwa mwanao haelewi. Ameelewa kuliko wote mle ndani!"

"Kwa hiyo nimsifu?"

"Usimwimbie sifa, utamharibu. Akili si cheo. Aoshe vyombo kama wenzake, na akikosea umkanye. Lakini akikuuliza swali, usimfukuze. Kama hujui, sema hujui, mtafute pamoja. Na shuleni apewe kazi inayomtosha. Akimaliza za wenzake, asipewe nyingine ishirini za namna ile ile. Apewe moja ngumu, ya kumtoa jasho. Mtoto ambaye hajawahi kukosa kweli hajui kujaribu tena. Siku moja akikutana na jambo gumu ataogopa, ataacha."

Matrida alikumbuka chanja cha dagaa. "Ile habari ya upepo alisema kweli," alisema. "Nikamnyima hata asante."

"Mpe kesho. Bado inafaa."

Jumatatu walikwenda shuleni watatu: Matrida, Isaya na Adventina, ambaye aliomba ruhusa kazini kwake. Wegesa walikuwa naye. Mwalimu mkuu, Mwalimu Makongoro, aliwakaribisha. Aliposikia habari ya makofi, alivua miwani.

"Mwalimu Gabriel aitwe," alisema.

Mwalimu Gabriel aliingia na chaki mkononi. Hakukana.

"Ni motisha tu, Mkuu. Nina watoto zaidi ya mia moja. Nikiuliza swali, bila kofi nani atafikiri? Hata sisi tulifundishwaga hivyo, na tumekuwa walimu."

Adventina alitaka kujibu. Matrida alimtangulia.

"Motisha? Mwalimu, umemwambia mwanangu kwamba akijua, kazi yake ni kupiga watu. Akaona bora asijue! Umechukua kitu Mungu alichompa, ukakigeuza fimbo ya kupigia mgonjwa wa sikio. Halafu unaniita hapa uniambie mtoto ni mzito? Mzito ni nani, mwalimu?"

"Mama Wegesa, taratibu," alisema mwalimu mkuu.

"Nimeenda taratibu mwaka mzima! Nimemwita mtoto mvivu kwa sababu ya taratibu!"

Isaya, mtu wa maneno machache, alisema lake. "Mwanangu nilitaka kumtoa shule. Nilitaka akachunge ng'ombe. Kwa sababu nilikuamini wewe."

Mwalimu Gabriel alitazama chaki yake. Adventina alizungumza sasa, kwa upole lakini bila kumung'unya maneno.

"Mwalimu mwenzangu, darasa la watu mia najua lilivyo. Lakini hakuna kanuni inayoruhusu mwanafunzi kumpiga mwanafunzi. Hata viboko vya mwalimu vina kanuni zake, na mwenye ruhusa ni mwalimu mkuu au aliyemruhusu yeye. Na tuache kanuni. Hofu haifundishi hesabu. Mtoto anayengoja kofi anafikiria kofi."

"Nifanyeje sasa?"

"Uliza swali, wape muda. Kila mtoto amwambie jirani yake jibu na jinsi alivyolipata. Ndipo uulize. Wote watafikiri, siyo mmoja wa mbio. Na wanaomaliza mapema, weka swali gumu moja ubaoni pembeni. Usiwatume maji, usiwafanye walimu wadogo kila siku. Wao nao wamekuja kusoma."

Mwalimu mkuu alimgeukia Wegesa. "Mwanangu, nikuulize hesabu moja?"

Wegesa hakumtazama yeye. Alitazama mikono ya Mwalimu Gabriel. Wote waliona, na Mwalimu Gabriel pia aliona. Aliweka chaki mezani, akaificha mikono nyuma ya mgongo. Uso wake ulibadilika, kana kwamba ndipo alipoielewa habari yote.

"Hakuna atakayepigwa, Wegesa," alisema. "Wala leo, wala kesho."

Mwalimu mkuu aliuliza. Wegesa alijibu. Aliuliza ya darasa la nne, akajibu. Aliuliza ya darasa la tano kuhusu nusu na robo. Wegesa alifikiri kidogo, akapata, akauliza kama anaweza kuulizwa nyingine.

"Huyu ndiye wa kurudia darasa?" Mwalimu Makongoro aliuliza. Siku hiyo hiyo aliwaita walimu wote na kupiga marufuku mchezo wa makofi katika shule nzima. Aliamua pia kwamba Wegesa hatarudia darasa, na kwamba kwenye kipindi cha hesabu atapewa kazi za kumtosha.

Mwalimu Gabriel hakubadilika kwa siku moja. Mara mbili tatu mkono ulimwinuka, akaushusha. Lakini alisimama mbele ya darasa na kusema kwamba mchezo ule ulikuwa kosa lake, siyo la Wegesa. Si rahisi kwa mtu mzima kusema hivyo mbele ya watoto. Matrida alipoambiwa, hasira yake ilipungua kidogo. Kidogo tu.

Jioni ya Jumatatu ile Matrida alimchukua mwanawe mpaka nyumbani kwa kina Dafroza. Mama yake Dafroza alikuwa anajua mtoto alipigwa, hakujua na nani wala kwa nini. Wegesa aliomba msamaha mwenyewe. Dafroza alimsikiliza, amegeuza kichwa upande wa sikio zima. Kisha aliingia ndani. Lakini wazazi wawili wale walikubaliana jambo moja, na kesho yake Dafroza alipelekwa hospitali. Daktari alisema sikio lingechelewa zaidi kutibiwa lingeziba kabisa. Alipewa dawa.

Miezi ilipita. Tumbo la asubuhi liliacha kuuma. Kule Butiama Bibi Bhoke aliendelea kumwita mjukuu wake Rhobi, na Wegesa aliitika majina yote mawili. Swali moja gumu lilikaa pembeni mwa ubao kila siku. Mwanzoni Wegesa alilimaliza peke yake. Baadaye wengine walianza kulisogelea pia, hata wale waliosemwa kuwa hawana kichwa. Kumbe vichwa walikuwa navyo. Vilikuwa vinangoja makofi.

Alasiri moja Matrida alikuwa anageuza dagaa kwenye chanja kwa fagio. Alisikia mtu anakimbia juu ya mchanga, akiita kwa sauti.

"Mama! Mama, nimekosa!"

Matrida alitupa fagio. "Umekosa? Nani amekupiga? Amekupiga nani?"

"Hakuna! Nimekosa kweli, mama. Sikujua! Swali la pembeni, la mtumbwi na maji. Nimelifikiria kipindi kizima na sikulipata."

Wegesa alikuwa anatweta, macho yanang'aa. Nyuma yake alikuja mtoto mwingine, pamba sikioni, begi limening'inia begani. Alikuwa Dafroza.

"Hata mimi nimekosa," alisema Dafroza. "Mwalimu amesema tukajaribu tena."

Waliketi wote wawili chini ya chanja, penye kivuli. Walianza kuchora mtumbwi mchangani, wakibishana.